Muti Chini ya Dale: Nani Anaruhusu Kuutoa?



Katika gazeti lililopita tuliahidi somo juu ya maji ya kunywa. Tutaliandika, lakini si leo. Leo tunaandika juu ya miti, ile mirefu ya mikaratusi ambayo wamasoni wanaisimamisha chini ya dale mpaka betoni ipate nguvu. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, mwenzetu wa darasa la tano amerudi masomoni akitembea na magongo. Ya pili, kwa likizo ya Pasaka shule yetu itafungua ukuta kati ya sale mbili za zamani, na sisi wanafunzi tumeitwa kwa salongo. Tukaona heri kujua kabla ya kugonga nyundo ya kwanza.

Mwenzetu ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, ila jina lake tusiliweke. Kila mutu wa shule anamjua, basi haina lazima.

Wakati wa likizo kubwa alitafuta kazi ya kulipa minervali. Alipata kwenye shantie moja hapa hapa Katuba, kazi ya kubeba maji na mchanga. Mwenye parseli alikuwa amebomoa nyumba ya zamani ya wazazi wake ili ajenge magazini chini na vyumba juu, pamoja na balkoni inayotazama barabara. Dale ilimwagwa mwanzo wa mwezi wa saba. Siku ya tisa, mwenye miti akafika. Maana miti ile haikuwa ya mwenye nyumba, ilikuwa ya kukodi, na kila siku ilikuwa inakula franka. Fundi hakuwapo. Kapita wa shantie akawaambia vijana wawili:

"Bana, towa ile miti yote, mwenyewe anaitaka. Dale imekauka, musikie."

Akagonga na nyundo, ikalia vizuri. Mwenzetu anasema: "Ililia sawa jiwe. Ata wewe ungesema imekauka." Wakaanza na balkoni, wakatoa kwanza miti iliyokuwa karibu na ukuta, kwa sababu kule kulikuwa na kivuli. Walipofika muti wa nne balkoni ikapasuka pale inapoungana na ukuta, ikashuka. Yule mwingine aliruka. Mwenzetu mguu ukabaki chini.

Hatuandiki haya ili kumtafuta mkosefu. Tumeuliza watu wengi mtaani, na tumeona kwamba wengi wangefanya vilevile, ata sisi. Njo maana tulienda kwa mwalimu wetu wa fizikia na kwa fundi mmoja mzee, mzazi wa mwanafunzi, tukawauliza: miti ile inabeba nini hasa, na inabeba mpaka lini?

Tuanze na uzito. Betoni yenye vyuma ndani ina kilo 2.500 hivi kwa kila metre cube. Chukua chumba kidogo cha metre 4 kwa 3, na dale ya santimetre 15. Piga hesabu: 4 mara 3 mara 0,15 ni metre cube 1,8. Mara 2.500, unapata kilo 4.500. Hiyo ni mifuko 90 ya sima ya kilo 50. Ukipenda kuhesabu na watu, kama mutu mmoja ana kilo 60, ni watu 75 wamesimama juu ya chumba kimoja. Ni darasa letu la sita na la tano wamebanana pamoja. Na siku ya kumwaga, betoni ile ni uji tu. Haijibebi ata kidogo. Uzito wote uko juu ya mbao za kofraje, na mbao ziko juu ya miti. Ongeza wamasoni wanaotembea juu, ongeza borueti, ongeza lundo la betoni ambalo mutu anamwaga mahali pamoja kwa sababu amechoka kulisambaza. Lundo la metre moja kwenda juu linalemea tani mbili na nusu kwa kila metre carré. Fundi mzee anasema nyumba nyingi zinaanguka siku hiyo hiyo ya kumwaga, wakati watu wanaimba.

Sasa, muti unaanguka namna gani? Wengi wetu tulifikiri unavunjika kwa kupondwa, sawa muhogo chini ya mchi. Hapana. Kabla ya kupondwa unapinda. Tulifanya jaribio mu darasa, na ninyi mnaweza kulifanya. Tuliomba mizani ya mama muuza nyama, tukasimamisha juu yake rula ya plastiki ya santimetre 30, tukaisukuma na kidole toka juu. Haikufika kilo moja, rula ikapinda pembeni. Halafu mwenzetu mmoja akashika rula katikati na vidole viwili, polepole tu, bila kusukuma. Tukasukuma tena. Ikapita kilo mbili, bado ikasimama. Rula ni ile ile!

Leonhard Euler, mwana hesabu wa Uswisi, alionyesha sheria ya jambo hilo mwaka 1744. Nguzo ikirefushwa mara mbili, nguvu yake ya kusimama bila kupinda haibaki nusu, inabaki robo. Na unene nao una sheria yake: muti wa santimetre 8 ukiulinganisha na wa santimetre 10, mutu anasema tofauti ni kidogo, vidole viwili tu. Lakini nguvu ya ule mwembamba haifiki nusu ya ule mnene. Njo maana fundi mzuri anafunga miti yote kwa mbao za kulala katikati, pande zote mbili, na nyingine za mshazari. Mbao zile hazibebi dale. Zinafanya kazi ya vile vidole viwili. Tulizoea kuziona na kusema ni za mafundi kupandia! Na kweli, zikisumbua njia ya borueti, njo za kwanza kutolewa.

Baada ya somo lile tulitembea mitaani, shantie tano, kutazama tu na kusalimia. Tuliona muti mfupi uliosimamishwa juu ya matofari matatu yaliyopangwa bila sima. Tuliona miti miwili mifupi iliyounganishwa na misumari miwili ikawa mmoja mrefu. Tuliona muti uliopinda sawa upinde, nao umebeba katikati ya chumba. Na karibu kila mahali muti ulisimama juu ya udongo mtupu. Kiangazi udongo wetu mwekundu ni mgumu sawa saruji, hakuna taabu. Lakini mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianza, ule udongo unakuwa matope, na muti unazama kama kisigino. Ukizama muti mmoja, uzito wake hauendi mbinguni, unaenda kwa miti ya jirani. Chini ya kila muti inatakiwa ubao mpana, na kabari mbili zinazopishana, ili muti ukaze, na siku ya kutoa uweze kuulegeza polepole bila kuupiga teke.

Tufike kwa neno lililomdanganya mwenzetu: kukauka. Mwalimu alitusahihisha sana hapo. Betoni haikauki sawa nguo kwenye kamba. Sima inaungana na maji, inafanya kitu kipya kigumu, na kuungana huko kunachukua siku nyingi. Ndiyo sababu tunainyunyizia maji asubuhi na jioni. Ikikaukiwa na maji mapema, inabaki dhaifu. Ngozi ya juu inakuwa ngumu haraka, na nyundo inalia, lakini nyundo inasoma ngozi tu, haisomi tumbo. Mafundi wanapima nguvu ya betoni kwa siku 28. Siku ya saba, kwa joto nzuri, inaweza kuwa imefika karibu theluthi mbili. Lakini mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi si joto nzuri. Usiku mara nyingi inashuka chini ya digrii 10, na baridi inachelewesha sima sawa inavyochelewesha wanafunzi wengine kuamka. Siku tisa za mwezi wa saba si siku tisa za mwezi wa kumi. Tena kama wamasoni waliongeza maji mengi ili ifanye laini kwa koleo, toa tena nguvu.

Kwa hiyo, desturi ya mafundi wanaojali ni hii. Mbao za pembeni zinaweza kutoka baada ya siku mbili tatu, kwa sababu hazibebi uzito wa kuanguka. Miti chini ya dale ndogo ingoje majuma mawili mpaka matatu. Balkoni na poutre ndefu, siku 28. Na kama kuna ghorofa inayomwagwa juu, miti ya chini isitoke, maana dale changa sasa inabeba nafsi yake na ile ya juu.

Kuna jambo la namna ya kutoa ambalo sisi wenyewe hatukulijua kabisa, na ambalo wamasoni wengine hawalijui. Tulisimamie kidogo.

Betoni ina nguvu kwa kusukumwa, lakini ikivutwa inapasuka. Njo maana vyuma vinawekwa upande ule utakaovutwa. Dale iliyolala juu ya kuta mbili inataka kushuka katikati, basi inavutwa chini, na vyuma viko chini. Kwa hiyo miti inatoka kuanzia katikati kwenda kwenye kuta. Ukianza kando, muti wa katikati unabaki sawa kisu, dale inapindia juu yake, inavutwa juu, mahali ambapo hakuna chuma.

Balkoni ni kinyume. Imeshikwa upande mmoja tu, inaninginia hewani. Inavutwa juu, na vyuma vyake viko juu, vinaingia ndani ya nyumba. Miti ya balkoni inatoka kuanzia ncha ya nje kuja kwenye ukuta. Wale vijana wawili walifanya kinyume, wakitafuta kivuli, wakati betoni yenyewe ilikuwa changa. Tena fundi mzee aliongeza kwamba siku ya kumwaga balkoni watu wanakanyaga vyuma vya juu na mabuti mpaka vinashuka chini, na hakuna anayeviinua. Kama ilikuwa hivyo kwenye shantie ile, hatujui, na hatutasema.

Msifikiri jambo hili ni la Katuba tu au la watu wasio na pesa. Tarehe 2 mwezi wa tatu 1973, mahali paitwapo Bailey's Crossroads, karibu na Washington kule Marekani, jengo refu lililokuwa likijengwa liliangukiwa na ghorofa zake toka juu mpaka chini. Wafanyakazi 14 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nguzo za muda zilitolewa mapema chini ya dale ya ghorofa ya 23. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 mwezi wa nne 1978, kule Willow Island, katika jimbo la West Virginia, watu 51 walikufa siku moja wakijenga mnara wa kupozea maji. Majukwaa yao yalikuwa yamefungwa kwenye betoni iliyomwagwa jana yake, na ilikuwa baridi. Watu hao walikuwa na wahandisi, walikuwa na mashine. Siku hawakuwa nazo.

Na pande za ndugu zetu wanaosema Kiswahili kuna habari inayogusa kubomoa na kutengeneza, ambayo ni karibu zaidi na salongo yetu. Zanzibar kuna nyumba kubwa ya Beit el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, mbele ya bahari. Ni nyumba ya mawe na chokaa, yenye nguzo za chuma. Sehemu yake moja ilianguka mwaka 2012. Halafu tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020, siku ya Noeli, wakati kazi ya kuitengeneza ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilishuka, na wafanyakazi wawili walikufa. Na Dar es Salaam, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2024, jengo la ghorofa kwenye soko la Kariakoo lilianguka asubuhi, watu wakiwa ndani ya magazini yao. Walikufa zaidi ya 20. Habari za siku zile zilisema kulikuwa na kazi ya kupanua nafasi ya biashara chini ya jengo.

Nyumba ya zamani ni sawa mzee mwenye fimbo. Miaka mingi imejizoeza namna yake ya kusimama: ukuta huu unaegemea ule, paa inafunga kuta zisitawanyike. Ukiondoa kitu kimoja, hauwezi kujua mara moja nani alikuwa anamshika nani. Kwa hiyo kubomoa kunaanza na macho, si nyundo. Ukibomoa nyumba yote, anza juu: mabati, mbao za paa, halafu kuta, safu kwa safu. Ukuta mrefu ambao umeondolewa paa usilale peke yake usiku, upepo wa mvua ya kwanza unautupa kwa jirani. Usichimbe mguu wa ukuta ili uanguke wenyewe, kama tulivyoona vijana wakifanya, mmoja anachimba na wengine wanapiga makofi.

Tuje kwa sale zetu mbili. Wengi walisema, sisi pia, kwamba ule ukuta wa katikati ni wa kugawa tu, utatoka siku moja na kila mutu atarudi nyumbani kula bukari. Juma lililopita Bwana Prefe alitupatia ngazi na ruhusa. Pamoja na mwalimu wa fizikia tulifungua ubao mmoja wa dari tukatazama na tochi. Tulikuta poutre tatu za paa zinalala juu ya ukuta huo. Tatu! Na moja imeliwa na mchwa kwenye ncha. Kama tungeanza Jumatatu ya Pasaka na nyundo na nyimbo, paa ingekuja pamoja na matofari, na chini yake wangekuwa wa darasa la kwanza, kwa sababu tulikuwa tumewapangia wao kubeba matofari.

Basi namna iliyokubaliwa ni hii. Kwanza, chini ya kila poutre, pande zote mbili za ukuta, zitasimama nguzo za muda, juu ya mbao pana, na kabari, na mbao za kufunga katikati. Poutre iliyoliwa itafungwa ubao mpya ubavuni kabla ya kuguswa. Halafu juu ya mahali pa kufungulia yatatobolewa matundu, moja moja, na ndani yake zitapitishwa boriti nene toka sale moja mpaka nyingine, kila ncha juu ya nguzo yake, ili matofari ya juu yakae juu ya boriti wakati ya chini yanatoka. Ni hapo tu ukuta utafunguliwa. Linto itamwagwa, na nafasi kati ya linto na matofari ya juu itajazwa sima kabisa, isibaki ata upenyo wa kidole. Nguzo zitabaki mpaka siku zake zitimie. Kwa hiyo sale zile mbili hazitatumika kwa majuma manne baada ya Pasaka. Tunajua walimu wengine hawakufurahi, na wa darasa la pili watasomea chini ya muembe. Tunawaomba mvumilie.

Jambo lingine ni la pesa, na lazima tuliseme, maana kwa mwenzetu ni pesa ndiyo iliyotoa miti. Tuliomba kamati ya wazazi miti isikodiwe kwa siku. Wakakubali kuinunua, na kazi ikiisha itauzwa tena. Mutu asiwe na sababu ya kuja kuidai siku ya tisa. Vilevile kilio kikitokea mtaani na watu wakatafuta miti ya kusimamishia bashi, kama inavyotokea, msiwaonyeshe hii. Kilio ni kilio, hakuna anayekataa kusaidia, lakini nyuma ya jiko la shule kuna miti mingine sita ya zamani. Tumeitenga kwa kazi hiyo, ufunguo uko kwa mlinzi.

Kwa salongo yenyewe, wa darasa la kwanza na la pili watapanga matofari uani tu, hawataingia ndani. Ndani wataingia watu nane wa darasa la sita pamoja na fundi. Kama fundi hayupo, ata kwa kwenda kunywa maji, nyundo zinalala. Atakayesikia paa ikilia au kuona mchanga unadondoka toka juu aseme "Toka!", na wote watoke bila kuuliza nani amesema. Hatutamcheka mutu aliyekosea kwa kuogopa.

Nani anaruhusu kutoa muti? Fundi mzee peke yake, mbele ya Bwana Prefe. Si kapita, si sisi, si mwenye haraka. Mwenzetu wa magongo amekubali kuwa mwandishi wa kazi. Atakaa mlangoni na daftari, na kwenye kila nguzo ataandika kwa chaki tarehe ya kumwaga linto na tarehe ya kutoa. Chaki tumeomba kwa Bwana Mwekahazina, maboksi mawili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu njo ya nguzo zinazobeba. Mvua ikiingia kwa dirisha na kuifuta, ataandika tena.